Jua la Othaya Linamlipa Nani?

Wauzaji wa sola wanaozunguka masoko ya Nyeri huja na hoja moja: Kenya iko kwenye ikweta, jua ni la bure, kwa hiyo anayeendelea kununua tokeni za stima anajipunja mwenyewe. Hoja hiyo huingia akilini upesi, hasa wiki ambayo stima imepotea mara kadhaa. Lakini kaunti ya Nyeri ina jua la aina mbili. Ukielekea kaskazini, Kieni, Mweiga na Naromoru, unaingia sehemu kavu zenye anga safi siku nyingi za mwaka. Ukielekea kusini, Othaya, unapanda kwenye nchi ya chai na kahawa, nchi ya mvua, ukungu na makoti mazito mwezi wa Julai. Paneli ile ile, kutoka duka lile lile, haitafanya kazi sawa kote.

Swali la kama jua lipo Othaya ni jepesi, nalo jibu lake ni ndiyo. Swali gumu ni linamlipa nani. Kwa hesabu za sasa, linamlipa vizuri anayetumia stima mchana na anayetozwa bei ya juu. Anayetumia kidogo, tena usiku, na nyumba yake tayari imeunganishwa, bado analipwa zaidi na nguzo ya Kenya Power iliyo nje ya lango lake. Katikati ya hawa wawili wapo wengi, na hao ndio wanaopaswa kushika kalamu kabla ya kushika pochi.

Mawingu ya Aberdare

Kwa wastani Kenya hupokea kilowati-saa 4 hadi 6 za nishati ya jua kwa kila mita mraba kwa siku. Kilowati-saa moja ndiyo ile uniti tunayoinunua kwa tokeni. Turkana, Garissa na Laikipia ziko upande wa juu wa kipimo hicho. Miteremko ya mashariki ya Aberdare, Othaya ikiwemo, iko upande wa chini, kwa sababu milima hiyo hukamata unyevu unaotoka upande wa Bahari Hindi na kuugeuza mawingu. Januari na Februari jua huwaka kweli kweli. Machi hadi Mei ni masika. Juni, Julai na Agosti hakuna mvua kubwa, lakini anga hufunga kwa siku nyingi mfululizo, na jua likijitokeza huwa ni saa sita au saa saba mchana, kisha linajifunika tena.

Paneli haizimiki kwa sababu ya wingu. Huendelea kuzalisha, ila hutoa sehemu ndogo tu ya kile ilichoandikiwa mgongoni. Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Anayetaka kujitegemea kabisa bila laini ya Kenya Power lazima apige hesabu kwa kutumia Julai, maana Julai ndiyo itakayomlaza gizani. Maana yake ni paneli nyingi zaidi na betri kubwa zaidi, ambazo Januari zitakaa bila kazi. Anayebaki kwenye laini na kutumia jua kupunguza bili anaweza kupiga hesabu kwa wastani wa mwaka mzima, kwa sababu Julai ikimwangusha, nguzo ipo. Tofauti ya gharama kati ya hizi njia mbili ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya chapa ya paneli.

Tusiidharau Othaya, hata hivyo. Ujerumani hupata jua pungufu kuliko mteremko wowote wa Nyeri, na bado kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa imefunga zaidi ya megawati 80,000 za sola. Baridi nayo ina faida yake: paneli hupungukiwa na nguvu kadiri inavyopata joto, takriban nusu asilimia au chini kidogo kwa kila digrii juu ya 25. Paneli ya Othaya ikipata jua la Februari kwenye hewa baridi hufanya kazi kwa ufanisi zaidi kuliko ile inayokaangwa Garissa. Na kwa kuwa tuko nusu digrii tu kusini mwa ikweta, paa lolote linafaa, liwe limeelekea kusini au kaskazini, mradi mwinamo uwe mdogo, wa kutosha tu maji ya mvua kutiririka na kuosha vumbi.

Adui wa karibu zaidi ni kivuli. Nyumba nyingi za Othaya zimezungukwa na migrevilia na mikaratusi, na nyingine ziko bondeni ambako jua huchelewa kufika. Kivuli cha tawi moja kikiangukia kona ya paneli moja kinaweza kudhoofisha safu nzima iliyounganishwa nayo. Fundi anayekuuzia mtambo bila kuja kuangalia paa lako saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri anakuuzia bahati nasibu.

Sola ilianzia kwenye kahawa

Wengi hudhani biashara ya sola Kenya ilianzia kwenye jangwa. Ilianzia huku huku kwenye vilima vya Mlima Kenya. Mnamo 1984 shule ya Karamugi, kule Meru, ilifungiwa taa za sola, kazi iliyohusishwa na Harold Burris, mhandisi Mmarekani aliyekuwa na kampuni ya Solar Shamba. Walimu na wakulima wa kahawa wa eneo hilo wakaiga: paneli ndogo, betri ya gari, taa mbili tatu na televisheni ya nyeusi na nyeupe. Kufikia miaka ya 1990 Kenya ilikuwa ikitajwa duniani kama nchi ambayo watu wa kawaida hujinunulia sola kwa pesa zao bila kusubiri serikali.

Haya hayakutokea Meru kwa sababu ya jua lake. Yalitokea kwa sababu wakulima walikuwa na malipo ya kahawa mkononi na laini ya umeme ilikuwa mbali. Jua lilifuata pesa. Kanuni hiyo haijabadilika, ila mazingira ndiyo yamebadilika. Mradi wa kuunganisha umeme vijijini ulioanza 2015 ulishusha ada ya kuunganishwa kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000, na nguzo zikapenya hadi kwenye vijiji vya Mahiga, Chinga, Karima na Iria-ini. Kampuni kama M-KOPA, zilizoanza kuuza sola kwa malipo ya kila siku kupitia M-Pesa mwaka 2012, zilisaidia zaidi nyumba ambazo nguzo haikuzifikia. Mkulima wa Othaya leo halinganishi tena sola na koroboi. Analinganisha sola na tokeni, na huyo ni mpinzani mgumu zaidi.

Ndani ya tokeni

Nunua tokeni, kisha soma ujumbe wote unaokuja kwenye simu, si zile nambari 20 peke yake. Utaona bei ya msingi ya uniti, gharama ya mafuta ya mitambo ya dizeli, marekebisho ya thamani ya dola, marekebisho ya mfumko wa bei, tozo ya mamlaka ya nishati, EPRA, tozo ya rasilimali za maji, asilimia 5 ya kusambaza umeme vijijini, na VAT ya asilimia 16. Kwa mtumiaji wa kiwango cha kati na cha juu, nyongeza hizo hupandisha bei ya msingi kwa karibu nusu.

Lakini jambo kubwa halionekani kwenye ujumbe huo. Ni daraja. Bei zilizoidhinishwa na EPRA na kuanza kutumika Aprili 2023 ziligawa nyumba katika makundi matatu: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, bei ya msingi Sh12.22, kutoka 31 hadi 100, Sh16.30, zaidi ya 100, Sh20.97. Viwango hivyo vimekuwa vikirekebishwa tangu wakati huo, lakini ngazi ni zile zile. Daraja lako huamuliwa na wastani wa matumizi ya miezi mitatu iliyopita, na ukishapanda, uniti zako zote hutozwa bei ya daraja jipya, pamoja na zile 30 za kwanza.

Hapa ndipo jua dogo linapoweza kufanya kazi kubwa. Chukua nyumba inayotumia uniti 120 kwa mwezi. Kwa viwango hivyo vya 2023, bei ya msingi pekee ni Sh2,516. Wakipunguza uniti 30 kwa kutumia jua, wanabaki na 90 na kushuka daraja: Sh1,467. Wameokoa Sh1,049 kwa uniti 30, yaani karibu Sh35 kwa kila uniti, kabla hata ya kuhesabu kodi. Uniti hizo 30 zimekuwa na thamani kuliko bei ya juu kabisa iliyo kwenye orodha. Nyumba inayotumia uniti 45 ikishuka hadi 29, hesabu ni ile ile: kutoka Sh733 hadi Sh354. Haba na haba hujaza kibaba, ila hapa kibaba hujaa pale tu unapovuka mstari. Anayetoka uniti 200 hadi 170 amepunguza bili, lakini hajashuka ngazi yoyote.

Anayeachwa nje

Sasa mchukue mama anayeishi peke yake juu ya Chinga: taa nne, redio, simu, na televisheni jioni. Anatumia uniti 25. Kwa viwango vya 2023 bei ya msingi ni Sh305, na hata ukiongeza tozo na kodi, mwezi hauvuki sana Sh500. Kwa mwaka ni Sh6,000. Akiuziwa mtambo wa paneli na betri kwa Sh60,000, itamchukua miaka kumi kurudisha pesa yake, na mahitaji yake yote ni ya usiku, kwa hiyo kila uniti lazima ipitie kwenye betri. Kabla miaka kumi haijaisha, betri nyingi za bei nafuu zitakuwa zimekufa mara moja au mbili. Kwa mama huyu sola si njia ya kuokoa pesa. Taa ndogo ya sola ya akiba kwa siku za kupotea kwa stima inamtosha, na asidanganywe zaidi ya hapo.

Maji ya moto kwanza

Nyumba ya kati ina mlaji mmoja mkubwa ambaye haonekani sebuleni. Watu watano wakioga lita 20 kila mmoja, hizo ni lita 100 kwa siku. Kuyapandisha maji hayo kutoka digrii 15 hadi 45 kunahitaji takriban uniti 3.5. Kwa mwezi ni uniti 105. Maana yake ni kwamba kuoga peke yake, kwa shawa ya umeme, kunaweza kuipeleka familia kwenye daraja la bei ya juu, hata kama taa zote zimezimwa na friji haipo.

Kwa hiyo anayeanza na paneli za umeme ili aendeshe shawa ameanza mwisho. Shawa ya umeme huvuta kilowati tatu hadi tano kwa mkupuo, na inverta ndogo, kile kifaa kinachougeuza umeme wa paneli uwe wa nyumbani, haiwezi kuibeba. Njia ya moja kwa moja ni tangi la sola la kupasha maji juu ya paa, ambalo halihitaji inverta wala betri, na ambalo hata Julai huyaondolea maji ule ubaridi wa kwanza kabla ya umeme au kuni kumalizia. Kanuni za serikali za 2012 zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yafunge mitambo hiyo, lakini utekelezaji ulisuasua. Mahali penye baridi kama Othaya, hatua hiyo haihitaji kusubiri sheria.

Mchana ndio wenye faida

Wanaolipwa hasa na jua ni wale ambao kazi yao huanza asubuhi na kuisha jioni: duka lenye friji tatu, fundi wa kuchomelea, kinyozi na saluni, mashine ya kusaga mahindi, tangi la kupozea maziwa, ofisi, kliniki, pampu ya maji. Wao hutumia jua lile lile linapotoka, bila betri. Tuseme mfanyabiashara wa Othaya mjini anafunga paneli za kilowati 5, na tukadirie kwa tahadhari kwamba kila kilowati inatoa uniti 3 kwa siku kwa wastani wa mwaka. Hizo ni uniti 15. Akizitumia zote, na kila moja ingemgharimu Sh25 pamoja na kodi, anaokoa Sh375 kwa siku, Sh9,750 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Hata mtambo ungemgharimu Sh500,000, atakuwa ameulipa kabla ya mwaka wa tano kuisha, na paneli nzuri huja na dhamana ya miaka 25.

Hospitali inafanya kazi usiku na mchana, na mzigo wake wa mchana wa maabara, eksirei na kufua nguo unalingana vizuri na jua. Shule za bweni ni kesi ngumu kidogo. Taa za masomo huwaka alfajiri na usiku, na Desemba, mwezi ambao jua linaanza kunoga, wanafunzi wako nyumbani. Shule ikifunga mtambo mkubwa bila kujua uniti za likizo zitaenda wapi, imefunga pesa za wazazi juu ya paa.

Viwanda vya chai vinatufundisha jambo lingine. Majani huchumwa asubuhi, hupimwa mchana na alasiri, kisha hunyaushwa na kusindikwa usiku kucha. Feni na mashine hunguruma wakati jua limelala, na sehemu kubwa ya nishati ya kiwanda ni joto la kuni kwenye boila, si umeme. Ndiyo maana KTDA, shirika la viwanda vya chai vya wakulima wadogo, kwa viwanda vya Chinga, Iria-ini, Gitugi na Gathuthi, ilielekea mtoni: kituo cha Gura chenye uwezo wa takriban megawati 5.8 hutumia maji yanayoshuka kutoka Aberdare mchana na usiku. Maji hayo hayo huendelea hadi Tana, na Tana ndiyo inayozungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mawingu yanayoinyima Othaya jua la Julai yanaipa nchi nzima umeme kwa njia nyingine.

Sheria na wasiwasi wa Kenya Power

Sheria ya Nishati ya 2019 ilimruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati moja kurudisha umeme wa ziada kwenye laini, na kanuni zake zikatoka 2024. Lakini malipo ni nusu: ukirudisha uniti mbili, unahesabiwa moja. Funzo lake ni rahisi. Usijenge mtambo wa kuuzia Kenya Power. Jenga wa kutosheleza matumizi yako ya mchana. Kwa shule, hiyo nusu wakati wa likizo ni afadhali kuliko kukosa kabisa, lakini bado ni nusu.

Kodi nayo imeyumba. Julai 2020 vifaa vya sola vilitozwa VAT ya asilimia 14, na mwaka uliofuata msamaha ukarudishwa. Mnunuzi mwenye mpango wa miaka mitano hawezi kupanga vizuri kama bei inategemea sheria ya fedha ya kila Juni.

Kuna mtego mwingine wa kiufundi. Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilizama gizani, na mwaka huo huo haukuisha kabla ya tukio hilo kurudi. Baadhi ya wenye sola walishangaa kuona nyumba zao nazo ziko gizani mchana kweupe. Inverta ya kawaida inayofanya kazi na laini hujizima laini ikikatika, ili isimuue fundi aliye juu ya nguzo. Anayetaka stima wakati wa kukatika anahitaji inverta ya aina nyingine, pamoja na betri, na hilo linaongeza gharama. Ulizia kabla ya kulipa, na uulizie pia leseni ya EPRA ya fundi, kwa maana anapaswa kufunga kazi ya kiwango alichoidhinishiwa tu.

Mgala muue na haki yake mpe: umeme wa Kenya Power ni ghali kwa walio wengi, lakini sehemu kubwa yake ni safi, kutoka mvuke wa Olkaria, maji na upepo wa eneo la Ziwa Turkana. Jopo la Rais lililoongozwa na John Ngumi lilieleza mwaka 2021 kwamba bei inaweza kushushwa kwa theluthi moja, na punguzo la kwanza la asilimia 15 likafika Januari 2022 kabla ya bei kupanda tena 2023. Wakati huo huo viwanda na taasisi zinazojizalishia zimepita megawati 400 nchini. Nguzo, nyaya na madeni ya kampuni hayapungui mteja mkubwa akihama. Yanagawanywa kwa waliobaki, na uniti nafuu za yule mama wa Chinga hulipiwa kwa kiasi fulani na bei wanayotozwa wakubwa. Kama kila mwenye paa kubwa ataondoka peke yake, daraja la Sh12 halitadumu. Serikali inayotaka wananchi wafunge sola ina wajibu wa kusema wazi nani atalipia nguzo.

Hukumu

Othaya haitakuwa Garissa, ambako kituo cha megawati 50 kilizinduliwa 2019. Mashamba ni madogo, na chai inalipa kuliko kupanga paneli juu ya ardhi. Sola ya Othaya itakuwa ya mabati, na mabati yanayofaa kwanza ni ya masoko, zahanati, maduka, vituo vya maziwa na ofisi za kaunti. Vyama vya ushirika, ambavyo vimewahi kuwanunulia wakulima mbolea kwa wingi, vinaweza kununua mitambo kwa wingi vilevile, na SACCO zikatoa mikopo inayolipwa kwa akiba ya bili yenyewe. Kaunti nayo ianze na majengo yake kabla ya kuhubiria wengine.

Na wewe msomaji mwenye nyumba, kabla ya kumpigia fundi simu, andika uniti ulizotumia kila mwezi kwa miezi mitatu. Kama ni chini ya 30, baki na tokeni yako na ununue taa ya akiba. Kama ni kati ya 31 na 45, au kidogo juu ya 100, tafuta namna ya kushuka daraja, na anza na maji ya kuoga. Kama unafanya kazi mchana na bili yako ni ya maelfu, funga paneli, tena bila kuchelewa. Mali bila daftari huisha bila habari, na jua la bure lisipoandikwa daftarini ni ghali kuliko stima.